Walipokuja Kumuulizia Israa

Ijumaa baada ya chakula mji wa Ibra, huku Omani, wote unalala. Baba kalala, mama kalala, paka wa jirani kalala chini ya gari. Hapo ndipo Kuruthum anapochukua funguo, anatoka nje ya ukuta, anaingia kwenye Corolla yake, anawasha AC, anapandisha vioo, na anaanza kusema peke yake kwenye simu huku mikono inapiga hewa. Mpita njia angedhani anagombana na mume. Mume hana. Anasimulia tamthilia.

Ana miaka ishirini na tisa, karani wa bima za magari, kazi ya kutwa nzima kuwaambia watu kwamba taa iliyovunjika haimo kwenye mkataba. Babu yake alizaliwa Ujiji, baba yake Bujumbura, yeye Ibra. Kiswahili kakipata jikoni kwa bibi yake, na ngeli anazichanganya kama mtu anayetafuta soksi gizani, lakini akianza kusimulia unasahau kumsahihisha. Bibi ndiye aliyeanzisha mambo haya. Macho yake hayakuweza kukimbizana na maandishi ya Kiarabu chini ya picha, akataka aelezwe. Kuruthum akawa anamrekodia. Bibi akawapelekea rafiki zake wa Nizwa, hao wakawapa wasichana wa Tanga na Mombasa wanaofanya kazi majumbani mwao, na kabla mtu hajasema khalas kukawa na kikundi kizima cha wanawake wanaosubiri Ijumaa ifike.

Tamthilia yenyewe ni ya Kihispania, imepatikana kwa njia tusiyohitaji kuitaja. Wanawake wanne, marafiki, wanakaa jengo moja, na wote wanne wanapenda wanawake. Basi, ndiyo hiyo. Paloma anatengeneza nywele, Renata anaendesha basi, na hao wawili wanapendana. Wengine wawili wana vituko vyao.

Kilichomnasa Kuruthum ni kwamba hakuna aliyekufa. Mtu yeyote aliyeangalia michezo hii anajua inavyokwenda: wakitokea wanawake wawili wanaopendana, ujue mmoja atagongwa na gari, au atapata wazimu, au atatubu na kuolewa na binamu yake. Waandishi wanawaonyesha kidogo, halafu wanawazika. Hii ilikuwa tofauti kabisa. Paloma alikoroma. Renata alikuwa mchoyo wa kahawa, anaficha kopo nyuma ya mchele. Waligombana nani aoshe sufuria. Kuruthum kakua mbele ya runinga, kaona wafalme, majini, wachawi na madaktari wazuri kupita kiasi, lakini mtu kama yeye akigombania sufuria hajawahi kumwona. Mara ya kwanza alipomwona alisimamisha picha akaenda kunawa uso.

Kwenye kikundi alisimulia kama ilivyo, hakupunguza kitu. Ulizuka ugomvi siku hiyohiyo. Mmoja akaandika kwamba hawa ni wasagaji na yeye hatasikiliza, na Ijumaa iliyofuata ndiye wa kwanza kuuliza mbona sauti haijaja. Bibi mmoja wa Nizwa akasema hayo tuliyaona Unguja, watu walijua, watu walinyamaza, na maisha yakaenda. Kidawa, msichana wa Tanga mwenye ulimi mrefu, akasema yeye kinachomuuma ni kahawa tu, mwanamke anayekuficha kahawa hakupendi hata kama analia.

Israa ndiye aliyekuwa hapendi. Alikuwa akimwambia Kuruthum sema marafiki, usiseme wapenzi, kwani watakufa wasipojua? Kuruthum akimjibu kwamba hadithi ukiipunguza chumvi inaoza. Wakicheka, yakiisha.

Huyo Israa sasa ndiye kiini cha habari yote. Mtoto wa mji wa Mudhaibi, kazi moja na Kuruthum, meza ziko ubavu kwa ubavu, katikati ya wiki analala kwa khaloo wake, dada wa mama yake, hapo Ibra. Jumatano jioni anakwenda kwa kina Kuruthum kuangalia tamthilia. Mlango unafungwa, mama yake Kuruthum, Bi Shukriya, anapeleka gahawa, ile kahawa ya Kiarabu, na halwa, na hakuna mwenye wasiwasi wowote. Mvulana angekaa dakika mbili kwenye chumba kile angetolewa bila viatu. Msichana alikaa miaka sita, na Bi Shukriya akishukuru Mungu kwamba mwanawe ana rafiki mwenye adabu.

Kulikuwa na sehemu moja Paloma anamwosha Renata nywele kwenye sinki la saluni, hawasemi, maji tu. Ilipoisha Israa akavua mtandio akasema, nioshe na mimi. Nywele zake nzito, zinataka maji mara mbili. Kuruthum alimwosha, akamkausha, akambusu kisogoni, na Israa hakuondoka. Akabaki vilevile, kainamisha kichwa, mpaka maji ya shingoni yakakauka. Tangu siku hiyo wakawa na maneno yao. Watahamia Sur, mji wa pwani. Kampuni ina tawi kule, wasichana wawili wa kazi moja kupanga nyumba moja si habari, vyumba viwili ili wageni wakija waone vitanda viwili. Kuruthum akaomba uhamisho. Hakuna kitu alichowahi kukitaka maishani zaidi ya hiyo nyumba ya Sur na Israa ndani yake. Israa alisema na yeye ataomba, akisubiri bosi arudi likizo.

Sasa kuna desturi moja lazima ieleweke. Huku mtu haposi binti hivi hivi. Kabla ya posa upande wa mwanaume unamtuma mwanamke mzima, mwenye ulimi wa asali na macho ya mwewe, anazunguka kwa wanaomjua yule binti: jirani, mwalimu wake, rafiki wa kazini. Anakunywa gahawa, anauliza. Na jawabu lina adabu zake. Mtoto wa watu hasemwi vibaya, ni dhambi na ni fedheha. Ukimpenda unamsifu mpaka jasho likutoke. Ukijua baya lake unasema kitu kimoja tu: wallahi, sijakaa naye sana. Muulizaji anamaliza gahawa, anatikisa finjani kwamba imetosha, anaaga. Binti kashafutwa, na hakuna aliyemtukana.

Kidawa ndiye aliyeleta habari, maana yeye anafanya kazi Nizwa kwa Abeer, na Abeer ana kaka anayeitwa Badar, fundi mkubwa wa umeme, bado hajaoa. Akamtumia Kuruthum sauti pembeni, nje ya kikundi.

"Dada Kuru, samahani, mimi mdomo wangu hauna breki," alisema. "Juzi nimepeleka gahawa sebuleni, shangazi yao Bi Ghaniya anawapa habari. Alikuja huko kwenu kukuulizia wewe, kwa ajili ya Badar. Kamuuliza rafiki yako wa kazini. Rafiki yako kasema hajakaa na wewe sana. Dada, huyo mtu unakula naye?"

Kidawa alitegemea kilio. Kuruthum alicheka mpaka akaegemea usukani.

Ijumaa chache nyuma alikuwa kasimulia sehemu ambayo mama yake Paloma anamletea mwanawe mchumba, daktari wa meno, na Renata anamfuata mama wa yule daktari kwenye ngazi na kumwambia Paloma anakoroma kama trekta, anauma watu usingizini, na ukoo wao wote wana wazimu. Mchumba akakimbia. Kikundi kizima kilikufa kwa kicheko. Basi Kuruthum alipoambiwa Israa kamfuta mbele ya muulizaji, akili yake haikwenda kwenye fedheha hata kidogo. Ilikwenda kwenye ngazi ile. Akajua Israa kafanya kama Renata: hataki achukuliwe. Israa anayeogopa hata neno wapenzi, kachukua jina la Kuruthum akalichafua ili abaki naye. Kwa mwanamke wa Ibra, hakuna barua ya mapenzi kubwa kuliko hiyo.

Hakumwambia kwamba anajua. Alitaka Israa aseme mwenyewe. Zikapita wiki mbili za Kuruthum kuimba kazini, kumchekea mteja aliyegonga ngamia, kumnunulia Israa maandazi asubuhi. Uhamisho wake ukakubaliwa. Jumamosi moja akaendesha mpaka Sur, akaiona nyumba, vyumba viwili, jiko lina dirisha, akampa mwenye nyumba neno lake. Njia nzima ya kurudi alikuwa anapanga kopo la kahawa litakaa wapi.

Halafu Kidawa akatuma tena. Safari hii hakuwa na utani. Badar kapata mchumba, binti wa Mudhaibi, anafanya kazi bima Ibra, jina Israa. Bi Ghaniya alipokwenda kumuulizia Kuruthum alimtazama yule anayejibu, akampenda yeye. Halafu swali dogo mwishoni: "Dada, si ndiyo yuleyule?"

Alhamisi baada ya kazi Kuruthum ndiye humpeleka Israa kwao. Siku hiyo walitoka kama kawaida, wakapita kituo cha mafuta, wakapita mitende ya pembeni, na Kuruthum hakuwasha redio.

"Badar ni nani?" akauliza.

Israa akashusha kile kioo kidogo cha kujitazamia, akatengeneza mtandio uliokuwa hauna tatizo. "Nani kakwambia?"

"Nimekuuliza mimi."

"Mtu. Wamekuja watu nyumbani. Mama kawakubali."

"Ulimwambia shangazi yake hujakaa na mimi sana."

"Ulitaka nimwambie nini?"

Kuruthum akamweleza. Alimwambia kila kitu, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, kwamba alimweleza: kwamba alijua tangu siku ile, kwamba alifurahi, kwamba alidhani Israa kasema vile kwa sababu hataki yeye aolewe. Israa alimsikiliza huku anamtazama kama mtu anayetazama doa akijiuliza kama litatoka.

"Ningekusifu wangekuchukua wewe," akasema.

"Mimi simtaki."

"Mimi namtaka."

"Humjui."

"Namtaka hivyohivyo. Nataka nyumba, nataka mama apumzike, nataka watu waache kuniuliza. Nimechoka, Kuruthum. Wewe unaweza kukaa miaka unangoja. Mimi siwezi."

"Na Sur?"

"Sur ulikuwa unasema wewe. Mimi nilikuwa naitikia."

Hakuwa ameomba uhamisho. Bosi alisharudi likizo zamani, akaenda nyingine.

Kuruthum akaegesha pembeni, malori yakipita yanatikisa gari. Hakupiga kelele. Alitaka kujua kitu kimoja, akakiuliza polepole, kama anavyomuuliza mteja mzee: ile siku ya nywele, ile ilikuwa nini.

"Nywele gani?" Israa akasema. Halafu akaona uso wa mwenzake, akashusha sauti, na bora asingeishusha. "Habibti, sisi tulikuwa tunaangalia runinga tu."

Kuruthum akamfikisha kwao. Mama yake Israa alikuwa mlangoni, akamkaribisha gahawa, Kuruthum akakataa kwa adabu zote.

Kuna watakaosema: si mnaona, tamthilia hizo ndizo zinaharibu mabinti. Waseme. Kuruthum alikuwa Kuruthum tangu shule ya msingi, alipokuwa akimpa mwenzake wa dawati nusu ya mkate kila siku na kuumwa tumbo siku asipokuja. Runinga haikumpa kitu ambacho hakuwa nacho. Kosa la Kuruthum ni jingine. Runinga ilimwonyesha mapenzi yanavyokaa ndani ya nyumba, sinki, sufuria, kahawa, ikampa na lugha yake, na yeye akaenda nayo Ibra kana kwamba kila mtu kaisoma. Pale Renata akisema uongo kwenye ngazi, kuna waandishi nyuma yake wanaohakikisha ni uongo wa mapenzi. Nyuma ya Israa hapakuwa na mwandishi. Palikuwa na khaloo, na mama mwenye presha, na umri.

Ijumaa akaingia garini kama kawaida. Sehemu ya wiki ile ilikuwa nyepesi tu, Renata anajifunza kupika wali, unaungua. Kuruthum akabonyeza kurekodi, na kilichomtoka mdomoni si wali. Akasema Renata alitoka asubuhi na basi lake, lori likakata njia, na Renata kafa. Papo hapo. Akasema Paloma hakuambiwa mpaka jioni, kwa sababu hakuwa mke wala ndugu, hospitali haikujua wa kumpigia. Alisimulia vizuri sana. Hajawahi kusimulia vizuri kama siku ile. Alifanya jambo lilelile alilokuwa akiwalaani waandishi kwa kulifanya, akalifanya kwa raha, halafu akazima simu.

Alipoiwasha, kikundi kilikuwa matanga. Wanawake wazima wanalia kwa sauti. Yule aliyewaita wasagaji anasoma Fatiha. Kidawa peke yake hakulia, aliandika kwamba hili lori limetoka wapi, mbona halikusikika likija.

Jumamosi ya pili yake gari jeupe likasimama nje kwa kina Kuruthum, akashuka mama mmoja mfupi, mnene, abaya ya thamani, anatembea kama mwenye mji. Bi Ghaniya. Kakulia Malindi ya Unguja mpaka utu uzima, na Kiswahili chake hakijaongezwa wala kupunguzwa tangu meli ilipomtoa huko. Bi Shukriya alipomwona alibadilisha sahani mara mbili. Alijua muulizaji ni nani, na alidhani kaja kwa ajili ya mwanawe. Alitoa halwa, akatoa tende nzuri, zile aina ya khalas, akamwita Kuruthum kwa sauti iliyojaa sukari. Bi Ghaniya alipomwomba awaachie chumba kidogo, alitoka huku anatabasamu na mlango akaufunga mwenyewe. Kuruthum aliliona tabasamu lile, na hilo nalo akalimeza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa karibu, masikio yangu hayasikii vizuri tena." Akachukua finjani. "Mimi sizunguki. Nilimuuliza mwenzio habari zako, akaniambia hajakaa nawe sana. Nikaondoka, nikamshika yeye. Lakini kila nikiuliza Israa rafikiye nani, mji mzima wanitajia Kuruthum. Kazini Kuruthum, sokoni Kuruthum, garini Kuruthum. Sasa mmoja kanidanganya, ama mji ama yeye. Nimekuja unambie. Binti huyu yukoje?"

Msimfanye Kuruthum malaika hapa. Jawabu alikuwa nalo. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo tangu alipoliona lile gari, maneno machache tu ya adabu ambayo kila mwanamke huku anayajua, na posa ya Mudhaibi ingekauka kabla ya adhuhuri. Asingemtukana mtu. Angelipa kwa noti ileile. Alifungua mdomo kuyasema.

Lakini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Miaka sita, hakuna mtu mmoja aliyewahi kukaa mbele yake, akashika finjani, akamwambia nieleze Israa yukoje, nina muda. Mapenzi yao hayakuwa na wa kumsimulia. Na sasa huyu hapa, mtu mzima, kaja kwa gari, anataka kujua.

"Nimekaa naye miaka sita, Bibi," akasema.

Halafu akaanza. Akasema Israa anapuliza gahawa hata ikiwa imepoa. Akasema anachukia bamia lakini kwenye nyumba ya watu anakula na kusema tamu. Wakipitwa na lori barabarani anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ndogo, na akimaliza anajifanya alikuwa anaimba. Hasira zake hazina kelele. Akikasirika anakunja nguo, hata zilizokwisha kukunjwa, na mumewe akimwona hivyo asimuulize kitu, amletee chai akae pembeni. Halii mbele za watu, anakwenda kuosha vyombo. Mvua ikinyesha na mto wa wadi ukishuka, hawezi kulala mpaka mtu amhesabie radi. Nywele zake wasimwoshe haraka haraka kwa ajili ya harusi, zinataka maji mara mbili, na maji yasiwe ya moto, ngozi yake ya kisogoni nyepesi.

Gahawa ya Bi Ghaniya ilipoa mkononi.

"Anaswali?"

"Kuliko mimi."

"Mwongo?"

Kuruthum akaisogeza sahani ya tende. Hili ndilo swali lililomleta yule mama kutoka Nizwa, wote wawili walijua.

"Akiogopa, ndiyo," akasema. "Akiogopa anaweza kusema lolote. Msimtie hofu tu."

Bi Ghaniya akaweka finjani chini. Alimtazama muda, na macho yale ya mwewe hayakulainika, lakini yaliacha kutafuta.

"Mwanangu," akasema, "nimekuuliza habari za mchumba, umenijibu kama mjane."

Kuruthum akaanza kuhesabu kokwa za tende kwenye sahani.

"Na sauti yako naijua. Wewe ndiye wa kwenye simu ya Kidawa. Nakaa jikoni nakusikiliza, mwenyewe Abeer hajui, adhani nasimamia mchele. Yule dereva wa basi, alikufa kweli?"

"Hapana, Bibi. Aliunguza wali."

"Nilijua. Sauti ile haikuwa ya mtu anayesimulia." Akanyanyua finjani tena, akainywa ile gahawa ya baridi yote, akaitikisa. "Sikiliza. Tumeshatoa neno kwa watu, na mwanetu kampenda. Tutamchukua. Hayo uliyonambia mengine nitayasema, mengine nitakwenda nayo kaburini. Lakini harusini usije."

Mpaka leo Kuruthum hajui kama hiyo ilikuwa huruma au marufuku. Bi Ghaniya alisimama kwa shida, akamshika kichwa kama mtu anayebariki au anayejizuia kuanguka, akatoka. Nje akamsifia Bi Shukriya halwa yake, na Bi Shukriya akaja mbio ndani kuuliza mbona mazungumzo yalikuwa marefu vile, kasemaje, wanakuja lini. Kuruthum akamwambia hakuja kwa ajili yake, kaja kumuulizia Israa.

"Israa?" Bi Shukriya akasema. Akakaa. "Na wewe ukamsifu?"

"Nikamsifu."

Mama yake akaanza kukusanya finjani, moja ndani ya nyingine, na hakumtazama.

Simu ikaita kabla lile gari jeupe halijafika barabara kubwa. Israa. Huko Mudhaibi habari zinakwenda kasi kuliko watu. Hakutoa salamu.

"Kaja kwako?"

"Kaja."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli."

 Kuruthum alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, halafu Israa akaanza kulia, kile kilio chake cha chini ambacho watu wengine hawajawahi kukisikia. Akasema Kuruthum nakuomba, mama yangu, Kuruthum wallahi. Alikuwa anaogopa. Na Kuruthum, aliyekuwa na haki ya kumwacha alie mpaka jioni, hakuweza hata dakika moja.

"Usilie," akamwambia. "Wanakuchukua. Nimekusifu."

"Kasema hivyo? Kasema mwenyewe?"

"Kasema mwenyewe."

"Alhamdulillahi," Israa akasema.

Neno tu, watu wanalisema siku nzima. Lakini lilimtoka tumboni, refu, na pumzi yote nyuma yake, kama mtu aliyeambiwa majibu ya hospitali yamekuja safi. Kuruthum akalisikia mpaka mwisho. Alikuwa kadhani yeye ni kitu ambacho Israa kakiuza, na kitu kinachouzwa angalau kina thamani. Kumbe yeye ndiye alikuwa ule ugonjwa.

Israa alikuwa bado anasema, anashukuru, anauliza kama kesho, wiki ya kazi ikianza, atampitia asubuhi kumpeleka kazini. Kuruthum akamwambia gari lina tatizo, akakata, akaenda kumsaidia mama yake kuosha finjani.